Mwanagenzi wa Data katika Utafiti wa Magonjwa Adimu: Maana ya Kazi Yake

Mwanagenzi wa usimamizi wa data ni mtu aliye katika mafunzo kazini, aghalabu aliyehitimu majuzi katika takwimu, afya ya umma au kompyuta, ambaye husaidia kuhakikisha kwamba kila taarifa inayoandikwa kuhusu mshiriki wa utafiti wa kitabibu imekamilika, inaeleweka, na inaweza kufuatiliwa hadi pale ilipoandikwa mara ya kwanza. Hapa Kisumu, ambako utafiti wa malaria na Ukimwi umewaajiri vijana wengi kwa miaka mingi, wako wanaodhani kwamba kazi hiyo ni kuchapa fomu tu. Kuchapa kumo, lakini ndiyo sehemu iliyo nyepesi zaidi.

Neno adimu lenyewe hubadilika kulingana na mahali. Sheria ya Marekani huhesabu ugonjwa kuwa adimu unapowapata watu wasiofika 200,000 nchini humo, nao Umoja wa Ulaya huweka mpaka wa watu wasiozidi 5 katika kila 10,000. Kwa kipimo cha Marekani selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu wenye wagonjwa takriban 100,000 nchini humo, ni ugonjwa adimu huko, ilhali katika kliniki za Siaya na Kisumu hakuna muuguzi asiyeufahamu. Hemofilia, kwa upande wake, ni adimu kila mahali: aina ya A humpata takriban mtoto 1 katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa, na damu yake huchelewa kuganda anapoumia, au hata bila ya kuumia.

Uchache huo ndio unaoibadilisha kazi ya data. Katika jaribio la chanjo lenye watoto 3,000, mshiriki mmoja ambaye taarifa zake zimepotea hauyumbishi sana wastani. Katika jaribio la hemofilia lenye washiriki 24, huyo mmoja ni zaidi ya asilimia 4 ya utafiti wote, na hakuna mwingine wa kuitwa achukue nafasi yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Kakamega amepewa shajara ya kuandika kila mara mwanawe anapovuja damu, kwa kuwa idadi ya matukio hayo kwa mwaka ni kipimo kikuu cha kujua kama dawa inafaa. Anaandika kwamba goti lilianza kuvimba saa 3 usiku. Karani anaingiza 03:00 kwenye mfumo. Muuguzi wa zamu, anayetumia saa za hospitali, ameandika kwamba mtoto alidungwa dawa saa 22:00 tarehe iyo hiyo. Kwenye kompyuta inaonekana mtoto alikaa saa 19 bila matibabu, ilhali yamkini alisubiri saa moja tu. Kosa la namna hii halimo katika vitabu vingi vya mafunzo, kwa sababu vingi viliandikwa na watu ambao siku yao haianzi saa kumi na mbili asubuhi.

Hapo mwanagenzi hushawishika kufuta 03:00 na kuandika 21:00. Haruhusiwi. Huenda mama alisoma saa kwenye simu yake, inayofuata hesabu ya kimataifa, na kweli ilikuwa alfajiri. Mtu aliye ofisini hana namna ya kujua. Anachopaswa kufanya ni kutuma hoja ya data, ambayo wafanyakazi wengi huiita kwiri, akiiomba kliniki ilinganishe saa iliyoingizwa na shajara yenyewe na kuithibitisha kwa mama. Hata maneno ya hoja hupimwa: kuandika "badilisha iwe 21:00" ni kumtia mtu jibu mdomoni. Kliniki ikishajibu, mfumo huhifadhi thamani ya zamani, thamani mpya, jina la aliyebadilisha, wakati na sababu, ili mkaguzi atakayekuja baadaye aione njia yote. Kwa maoni yangu, kijana anayejifunza kuuliza vizuri amejifunza nusu ya kazi hii. Nusu nyingine ni subira, maana majibu huchukua siku kadhaa.

Pamoja na hayo yapo mambo madogo ya kila siku, kama vile hemoglobini iliyoandikwa 72 na maabara moja na 7.2 na nyingine kwa sababu moja hutumia gramu kwa lita na nyingine gramu kwa desilita, au watoto wengi mno waliozaliwa tarehe 1 Januari kwa kuwa mlezi alikumbuka mwaka pekee.

Jambo linalohitaji uangalifu wa pekee ni usiri. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya miongoni mwa data nyeti, na katika magonjwa ya kawaida kuondoa jina huficha mengi. Katika ugonjwa adimu haitoshi. Ukisema mvulana wa miaka 9, mwenye hemofilia, wa kata fulani, umeshamtaja, kwani huenda yuko peke yake na kijiji kizima kinamjua. Kwa hiyo jedwali linalotoka nje ya ofisi huonyesha kundi la umri badala ya tarehe ya kuzaliwa, na kaunti badala ya kata. Fomu hubeba namba tu, na orodha inayoiunganisha namba na jina hukaa kliniki, ndani ya kabati ambalo mwanagenzi hana ufunguo wake.