Seli ya Text maana yake nini, na kwa nini namba ya simu inapoteza sifuri

Tuseme unaandika orodha ya chama chenu hapo Malindi kwa Excel, jina, simu, mchango. Ukibonyeza enter tu ile 0712 na zinazofuata inakuwa 712, sifuri ishakwenda. Kompyuta haijaharibika, yenyewe kila ikiona tarakimu tupu inajua ni hesabu, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Ukianza na 254 ndio mbaya zaidi, zinafika tarakimu 12 na seli, yaani kile kisanduku unachoandikia, inakuonyesha 2.54712E+11, hapo mweka hazina hawezi kumpigia mtu.

Sasa kuifomati seli iwe Text ni kuiambia hiki ni maandishi, kiache vile vile nilivyokiandika, usikipigie hesabu. Namba ya simu, ya kitambulisho, ya akaunti, zote ni maandishi, hakuna siku utazijumlisha. Hata matokeo ya mpira: andika 3-1 uone, inakuwekea tarehe, Januari 3 ama Machi 1 kulingana na kompyuta ilivyosetiwa. Wanasayansi pia wamesumbuka sana, kuna jeni ilikuwa inaitwa SEPT1 na Excel inaifanya Septemba mosi, mpaka kufikia 2020 kamati ya majina ya jeni ikawa imezibadilisha za aina hiyo, hiyo sasa ni SEPTIN1.

Cha muhimu ni kutangulia, tafadhalini. Chagua kolamu nzima, raiti kliki, Format Cells, halafu Text, ndio uanze kuandika. Ukifomati baadaye sifuri hairudi, na ile 3-1 inageuka namba ya tarakimu 5, kwa sababu ndani tarehe inawekwa kama hesabu ya siku kuanzia 1900. Kama ni seli moja tu, tanguliza kile kialama cha juu kilicho katikati ya neno ng'ombe, hivi '0712, kwa seli hakitaonekana. Kipembe cha kijani kikitokea kwenye kona kiache, usikubali kugeuza kuwa namba.

Lakini kolamu ya mchango usiiguse! Hiyo ni pesa, iache iwe namba, na uandike 500 peke yake, maana ukiandika 500/= Excel inaiona maandishi na SUM, ile fomula ya kujumlisha, inairuka kimya kimya, jumla inatoka pungufu na wanachama wanaanza kushukiana bure. Kuhakikisha, angalia upande: kama hujaipanga kwa mkono, namba hukaa kulia mwa seli, maandishi kushoto.