Picha ya zamani haina tarehe? Anza na nguo

Watu wanaotuletea picha za ukoo karibu wote wana swali moja, huyu ni nani na ilipigwa mwaka gani, na macho yao yote yako usoni, wanatafuta pua ya ukoo, wanabishana nani kafanana na nani. Sisi tunaoshughulika na picha za zamani uso tunauacha mwisho kabisa. Sura zinafanana na kila mtu anaona anachotaka kuona, ila nguo ilitoka kiwandani, ikapakiwa melini, ikauzwa dukani, na hayo yote yana miaka yake inayojulikana.

Kabla hatujaenda mbali naomba hili lishikwe vizuri maana ndo wengi wanapoteleza: nguo inakwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, basi, haikwambii ilipigwa lini hasa. Bibi anaweza kwenda studio na kanga aliyopewa harusini miaka 20 nyuma, lakini hawezi kuvaa kanga ambayo bado haijachapwa.

Chukua hizi postikadi za studio za Unguja, zimejaa intaneti, studio za Wagoa kama A. C. Gomes na Coutinho zilitengeneza nyingi mno. Wanawake wawili wamesimama mbele ya pazia lililochorwa, chini kuna maneno mawili matatu ya Kiingereza au Kijerumani, jina hakuna, mwaka hakuna. Anza na kitambaa. Kama ni cheupe kitupu bila ua lolote huenda ni merikani, kitambaa walichokuwa wanaleta wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts tangu miaka ya 1830 huko, na kikichovywa kwenye nili kinakuwa kaniki. Kama kina michoro basi tumeshasogea mbele, maana mtindo wa leso za michoro ulishika kwenye miaka ya 1870 na 1880. Na hapo kuna kitu kidogo kizuri sana cha kutafuta. Mwanzoni akina mama walikuwa wananunua leso sita ambazo hazijakatwa kwenye jora, wanazigawa tatu tatu, wanaziunganisha ubavu kwa ubavu inatoka nguo moja pana. Kwa hiyo kuza picha, fuata kitambaa kutoka kwapani kushuka mpaka kwenye goti, uangalie kama kuna mshono unapita katikati na michoro pande mbili haikukutana sawasawa. Ukiuona, unatazama leso ya kuunga. Usipouona, na pindo limezunguka pande zote nne na mji uko katikati umetulia, hiyo ni kanga iliyochapwa nzima kama tunayoijua leo, ni hatua ya baadaye.

Alafu kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Kanga za mwanzo hazikuwa na maneno, maneno yalianza kuingia mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza kwa herufi za Kiarabu, herufi za Kirumi zikaja kuchukua nafasi baadaye. Kwa hiyo mtu akipost picha anadai ni ya 1880 na kanga ina jina la herufi za Kirumi linasomeka kabisa, tarehe hiyo ifutwe, hata kama imeandikwa kwa wino mzuri nyuma ya picha. Na msiishie kwenye jina, angalieni na ukingoni kabisa chini ya pindo, mara nyingine kuna chapa ya mwenye mali, kama ile ya duka la Mombasa, K.H.E. Mali ya Abdulla. Ukikuta chapa ya Urafiki ya Dar es Salaam ujue hauko ukoloni tena, kiwanda kile kilifunguliwa 1968.

Buibui nalo hivo hivo. Wengi wanadhani lipo tangu enzi na enzi, kumbe pwani yetu limesambaa mwanzoni mwa karne ya 20, kabla yake mabibi wa mjini walikuwa na ukaya, kitambaa cha kufunika kichwa, na wenye uwezo walitembea ndani ya shiraa, ile kama hema inashikiliwa na wajakazi.

Sasa rangi. Hapa programu za kutia rangi picha za zamani zinatuharibia kazi kweli kweli. Sahani za kioo zilizotumika kupigia picha karne ya 19 hazikuwa zinaona nyekundu, nyekundu ilitoka nyeusi, na bluu ilitoka nyeupe nyeupe. Yaani kanga ya kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwenye picha hizo nyekundu na nyeusi zinamezana unabaki na giza na vidoti vyeupe, na kaniki ya bluu iliyoiva inaweza kutoka nyepesi kuliko ilivyokuwa. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa 1906 na zilichukua muda kuzoeleka. Kompyuta haijui hayo, ikiona giza inabahatisha, kisutu cha bibi harusi kinageuka kanga ya kahawia, alafu watu wanaisambaza kama ushahidi. Tunzeni ile isiyo na rangi.

Jambo linaloniuma zaidi ni maandishi chini ya hizi postikadi. Nyingine zimeandikwa "mtumwa" na zinaendelea kunakiliwa hivo mpaka leo. Tunajua enzi za utumwa mavazi yalikuwa yanamtangaza mtu, mtumwa alivaa merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu, makubadhi na kilemba vilikuwa vya waungwana. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja 1897, na walioachiwa huru walikimbilia hasa kwenye nguo, wanawake kanga mpya, wanaume kanzu na kofia, kwa sababu hicho ndo kilikuwa kitu cha kwanza walichokatazwa na sasa wanaweza kukinunua. Kwa hiyo ukikuta mwanamke kavaa kanga ya michoro ya kisasa ya wakati ule, kapiga pozi, kasuka, na postikadi inasema mtumwa, usiyaamini hayo maandishi haraka, aliyeyaandika alikuwa anauza postikadi. Lakini pia usikimbilie upande wa pili ukasema basi alikuwa huru na mwenye mali, maana nguo yenyewe inaweza kuwa ya studio. Namna ya kujua ni kuweka picha za studio moja pamoja. Kanga ile ile, doa lile lile kwenye pindo, mwanamke mwingine, pazia lile lile: basi hiyo kanga ni ya mpiga picha na haikwambii chochote kuhusu aliyeivaa.

Nguo inaweza kukudanganya mahali pia. Kuna picha maarufu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, amevaa mavazi kamili ya kwao Unguja na vito vyake. Ukifuata nguo peke yake utasema ilipigwa jumba la mfalme. Ilipigwa Hamburg, aliondoka Unguja 1866.

Na vifungo pia vinatazamwa. Jambazi wa Marekani Billy the Kid aliaminika miaka mingi kuwa ni mtu wa mashoto kwa sababu ya picha yake moja ya kwenye bati. Picha za bati hutoka zimegeuka kama kioo. Watu walipotazama vifungo vya kizibao viko upande usio wa kiume, na bunduki yake ya Winchester tundu la kutilia risasi liko upande ambao kiwanda hakikuliweka, suala likaisha, bastola ilikuwa kulia.

Picha za mababu askari tunazipokea sana, swali ni alikuwa wa Mjerumani au wa Mwingereza. Tazama kichwa na miguu. Askari wa Mjerumani mara nyingi ana tarbushi yenye kifuniko cha kaki na tai wa chuma mbele, na chini viatu. Wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) wa zama hizo hizo mara nyingi amezungushiwa kitambaa kwenye muundi lakini nyayo ziko chini, peku. Akiwa na nishani ya nyota ya Burma, ya vita vya pili vya dunia, picha si ya kabla ya 1945, ilianzishwa mwaka huo.

Ukitaka tukusaidie usitutumie picha ya picha iliyopigwa na simu chini ya taa. Iskani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi) au zaidi, mbele na nyuma, na kadi iliyobandikwa usiibandue, usiifute kwa kitambaa cha maji. Na kabla hujaja kwetu mwonyeshe shangazi au bibi aliye hai, usimuulize huyu ni nani, muulize hii kanga ni ipi, maana wazee wengi wanakumbuka kanga ilitoka mwaka wa harusi ya nani.