Oksijeni kidogo si mazuku

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mtoto hufundishwa mapema kuogopa mashimo ya mazuku, hewa inayoua. Ndiyo maana nikieleza kwamba seli shina, yaani seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, hukuzwa kwenye oksijeni kidogo ili kuvuna eksosomu, vifuko vidogo ambavyo seli hutoa, swali la kwanza ni: si mnazinyonga?

Dhana: Oksijeni ikipungua, seli hufa.
Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, iliyotuama bondeni kwa wingi wa kuua. Maabarani oksijeni hupunguzwa kwa kuingiza nitrojeni, na kaboni dioksidi hubaki asilimia 5 hivi, kama kawaida. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21; ndani ya uboho wa mifupa, makazi ya seli shina nyingi, ni kati ya 1 na 7 hivi. Kwa seli hizo, ugeni ni ile 21. Zikipewa 3 au 5, mara nyingi hugawanyika vizuri na kuchelewa kuzeeka. Zikinyimwa kabisa kwa muda mrefu, hapo kweli hufa.

Dhana: Goma iko juu, kwa hiyo hewa yetu tayari ina oksijeni kidogo ya kutosha kukuzia seli hizo.
Kwenye mita 1,500 hivi, oksijeni bado ni asilimia 21. Kilichopungua ni kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa. Ni kama kuvuta 17 au 18 ukiwa pwani. Bado ni mbali na 5.

Dhana: Eksosomu ni seli changa.
Hapana. Ni vifuko vya nanomita 30 hadi 150, visivyo na kiini, vinavyopeleka protini na vipande vya RNA kwa seli nyingine.

Dhana: Vifuko ni vilevile, seli ikuzwe popote.
Hapa ndipo penye utamu. Seli ina protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikiwepo ya kutosha, sehemu yake ya alfa huvunjwavunjwa. Oksijeni ikipungua, sehemu hiyo hubaki na kuwasha jeni, ikiwemo ya VEGF, protini inayochochea mishipa mipya ya damu. Kugundua jinsi seli zinavyohisi oksijeni hivyo kuliwapa wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel mwaka 2019. Mzigo wa eksosomu nao hubadilika: katika majaribio mengi hubeba zaidi kipande cha RNA kiitwacho miR-210 na kusaidia mishipa kuota. Uvimbe wa saratani hutumia njia hiyohiyo kujilisha, jambo linalonitia hofu.

Dhana: Basi eksosomu ni dawa tayari.
Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha umma baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika vibaya kwa bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Mama yako akiuziwa kichupa cha eksosomu, ulizeni: seli za nani, zilikuzwa kwenye oksijeni kiasi gani, nani alizipima? Asiyejibu, msimpe hata faranga.