Kikohozi cha msimu wa salfa

Ukipanda uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, mwezi wa Julai, iwe Newala, Tandahimba au Nanyamba, utasikia kikohozi kabla hujakaribishwa kiti. Ni msimu wa kupulizia mikorosho. Salfa ya unga hupigwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani bado yana umande, ili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, usimalize maua. Mpigaji akirudi nyumbani macho ni mekundu, koo linawasha, na masikio yana unga wa njano hadi ndani. Raundi ya kwanza ikipita inakuja ya pili, na mtaa mzima unakohoa.

Sasa chukua mtaa huo, halafu ulete wimbi la tatu la corona, lile la Julai 2021.

Mimi ni tabibu, na kazi yangu imekuwa huku huku uwandani. Watu wakiniuliza kipindi kile kilikuwaje, wengi wanategemea habari za mitungi ya oksijeni. Zipo, ila si ndizo zilizojaza siku zetu. Siku zetu zilijazwa na hesabu za watu. Nikija kupimwa, nani atamalizia shamba? Nikilazwa, nani atabaki na wajukuu walioletwa kutoka Dar shule zilipofungwa? Nikikutwa nayo, mwajiri atanielewa? Kirusi chenyewe hakikuulizwa sana. Kwa maoni yangu ushauri mwingi wa afya ulikwama hapo: ulimwona mtu mwenye pua na mapafu, haukumwona mtu mwenye shamba.

Nianze na hicho kikohozi, kwa sababu hadi leo watu wanakichanganya.

Kikohozi cha salfa huanza siku ile ile uliyopuliza, na huja pamoja na macho kuwasha. Homa hakina. Ukipumzika siku mbili kinapungua chenyewe, isipokuwa kama una pumu. Hapo kifua kinabana na kupiga filimbi, na hilo si la kusubiri. Malaria huku kwetu haiko mbali mwaka mzima, na mtoto mwenye malaria anaweza kukohoa vilevile, ndiyo maana kila mwenye homa tunamtoboa kidole: tone moja la damu, dakika 15 hadi 20, jibu liko mezani. Corona ilikuja na homa, mwili kuchoka kupita kiasi, wengine kutosikia harufu wala ladha ya chakula. Ujanja wake ulikuwa mmoja: mtu anaumwa wiki ya kwanza kama mafua, anasema amepona, wiki ya pili anaanza kuhema.

Nakumbuka mzee mmoja alikuja akisukumwa na mkamwana wake, yeye mwenyewe hataki. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Salfa tu hii, daktari. Nipe ya kulainisha kifua niondoke." Alikuwa amekaa wima, anazungumza sentensi ndefu, anatania. Nikambana kidole na kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni. Mtu mzima asiye na tatizo husoma 95 kwenda juu. Chini ya 90 ni hatari. Yeye alisoma 86. Corona ilikuwa na tabia hiyo: oksijeni inashuka kwenye damu na mwenyewe hajisikii kubanwa kiasi cha kuogopa. Nikamwonyesha namba, nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Na raundi ya pili nani atapiga?" Mikorosho yake ilikuwa imeshatoa maua. Kukosa kupulizwa wakati huo ni kuukosa msimu wa Oktoba, na kuukosa msimu wa Oktoba ni mwaka mzima bila hela.

Tulichofanya ni kumpigia simu mtoto wa dada yake. Alipokubali kuchukua mashine na mifuko ya salfa, mjomba akapanda gari kwenda kulazwa. Hakuna maelezo ya kitabibu niliyompa siku ile yaliyofanya kazi kama simu hiyo.

Kuna kikohozi cha nne ambacho ndicho kiliniumiza kichwa zaidi, nacho ni kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili na kuendelea, jasho jingi usiku, kukonda: kabla ya 2020 mtu wa namna hiyo aliletwa na ndugu, anatoa makohozi yanapimwa, akikutwa nayo anaanza dawa za miezi 6 bila kulipa senti. Corona ilipoingia, kukohoa mbele za watu kukawa aibu. Mtu anajificha ndani, au anakohoa kwenye kitambaa halafu anasema kapaliwa. Ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna watoto. Kifua kikuu hakina haraka kama corona, ndiyo maana kilipita chini ya pazia.

Tukumbushane mwendo wa mambo. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020, na Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wa wakati huo. Kesho yake Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo na jirani yetu wa Ruangwa, akatangaza shule kufungwa. Takwimu za taifa zilifika wagonjwa 509 na vifo 21, zikasimama hapo zaidi ya mwaka. Bila takwimu, watu wa huku walihesabu kwa misiba: mwezi huu tumezika wangapi, na huyu alikuwa na "changamoto ya kupumua" au ni umri tu? Kufungiwa ndani hakukuwapo kwetu. Masoko yalikuwa wazi, bodaboda zilikimbia, dagaa walifika kutoka Mikindani kama kawaida. Lakini shule zilifungwa, na kwa familia za huku hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Kwa anayetazama kutoka mbali, ni miezi mitatu na ushee. Kwa huku, ni palizi na mwanzo wa salfa. Vipindi vya masomo vilikuwepo redioni na kwenye televisheni, navyo vilimfaa mwenye umeme, betri na mzazi asiyehitaji mkono wa ziada shambani. Watoto wengi walishika majembe. Sisemi ni dhambi, mimi mwenyewe nimekulia hivyo hivyo, lakini jembe la baada ya kutoka shule na jembe la kutwa nzima havilingani.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni kwamba shule ni sehemu yetu ya kazi. Dawa za minyoo na kichocho tunawapa watoto wakiwa madarasani. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza nchini Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, wakati huo ilikuwa dozi mbili zinazopishana miezi 6, na nyingi tulizitoa shuleni. Mlango wa shule ukifungwa, unamtafutaje msichana wa dozi ya pili ambaye sasa yuko kwa bibi yake kijiji cha tatu? Tulimtegemea mhudumu wa afya wa jamii na baiskeli yake. Wapo tuliowapata, wapo tuliowakosa.

Halafu mimba. Likizo ya Juni ndiyo msimu wa jando na unyago huku, na mwaka ule likizo ilianza Machi. Wakubwa wengi waliwashukia manyakanga na makungwi kana kwamba wao ndio waliofunga shule. Mimi naona tofauti. Msichana anayeitwa jina lake kila asubuhi na mwalimu ana mtu anayejua leo hayupo. Ukiondoa hilo, unyago uwepo usiwepo, kuna wanaume watakaoona nafasi. Wasichana niliowapima kliniki ya wajawazito kipindi kile hawakuniuliza habari za corona. Waliuliza kama masomo ndiyo yameishia hapo, na wakati huo jibu lilikuwa ndiyo. Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Bado nakutana na wazazi wasiojua, kwa hiyo narudia hapa: anaruhusiwa.

Upande wa kazi, walioumia kimya kimya ni walimu wa shule binafsi. Ada haikulipwa, mshahara haukutoka. Mwalimu mmoja mwenye presha alikuja kichwa kinamgonga, nikampima, mashine ikatoa namba za kutisha. Nikamuuliza dawa. "Nakunywa leo, naruka kesho, ili kopo lifike mwisho wa mwezi unaofuata." Alijua kuhesabu vizuri, ila dawa nyingi za presha hufanya kazi kama siku moja tu. Siku unayoruka, mishipa haijui kwamba unabana matumizi. Na huyo ndiye mtu ambaye corona ikimkuta inamkuta vibaya: presha, kisukari, umri mkubwa.

Kwa aliyeajiriwa kisheria kuna kinga ambayo wengi hawaiulizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Kwa hiyo ukiumwa, usiondoke kituoni bila karatasi. Kibarua wa ghalani na mama lishe hawana karatasi ya kumpelekea mtu yeyote, na huo ndio ukweli wenyewe.

Kulikuwa na swali la maji pia. Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, sawa, lakini uwanda huu hauna mito. Maji yanasukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema kule bondeni, au yanavunwa ya mvua kwenye visima vya nyumbani, na kiangazi kikikolea ndoo inanunuliwa. Kumwambia mama anayenunua maji kwa ndoo anawe kila saa bila kumwonyesha namna ni kumchosha. Kibuyu chirizi kilisaidia: dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia, maji yanatoka kidogo kidogo. Barakoa haikuhitaji hata mafunzo. Wapiga salfa walishazoea kujifunga kitambaa usoni.

Mengine yaliyopita kituoni nayataja haraka. Kujifukiza: mvuke unafungua pua na mtu anajisikia nafuu, kirusi hauondoi, na nimefunga vidonda vya watoto waliomwagikiwa sufuria. Klorokwini: wazee waliisikia redioni kama dawa ya corona wakaja kuiulizia, ingawa Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria tangu 2001 kwa sababu ilishashindwa. Mmoja alipokumbuka ule muwasho wake alisema bora aumwe.

Chanjo ilipofika nchini mwishoni mwa Julai 2021, Rais Samia akachanjwa hadharani Julai 28, nasi tukaanza na wahudumu wa afya, wenye miaka 50 kwenda juu na wenye magonjwa sugu. Ilikuwa sindano moja. Hofu za uzazi na nguvu za kiume zilikuwepo, na fomu ya ridhaa iliyotakiwa kusainiwa iliwatisha watu kuliko sindano yenyewe. Mkulima akiambiwa asaini, anauliza anauza nini. Lakini ukikaa na mtu, ukiacha aseme, mara nyingi swali la chini kabisa lilikuwa hili: ikinipa homa siku mbili, shamba je? Swali halali. Homa na maumivu ya mwili ya siku moja mbili vilikuwa vya kawaida baada ya sindano ile. Tukaacha kubishana. Tukawaambia waje mwishoni mwa Agosti, salfa ikiwa inaisha na korosho bado hazijaanza kudondoka. Wale wale waliokataa Jumatatu walikuja wiki hizo, wengine na wake zao.

Hela za huku nazo zina msimu. CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, na malipo ya mnada wa korosho yakiingia Oktoba au Novemba hakuna aliyeiona kubwa. Mwezi wa Mei hiyo 30,000 haikuwapo. Anayeuguliwa Mei bila kadi anaenda kwa mtu wa kangomba, yaani mnunuzi wa korosho nje ya mnada, anauza korosho ambazo hazijachanua kwa bei ya kutupa, na Oktoba anavuna za mwenzake. Kangomba imepigwa marufuku, watu wanakamatwa, na inaendelea, kwa sababu ugonjwa hausubiri mnada. Lipeni kadi siku ile ile hela za korosho zinapoingia, kabla ya bati na kabla ya pikipiki.

Kitu kimoja kilienda vizuri nacho hakisemwi. Wenye virusi vya Ukimwi walio imara kwenye dawa walikuwa wakipewa za miezi 3, baadaye hata 6, na wengi wao hawakukatisha. Wa presha na kisukari walikuwa wanarudi kila mwezi, kwa nauli yao, kwenye foleni waliyokuwa wanaiogopa, na hao ndio waliopotea. Sioni sababu ya kitabibu ya tofauti hiyo kwa mtu ambaye presha yake imetulia. Muulize tabibu wako kama anaweza kukuandikia za muda mrefu kabla salfa haijaanza.

Na kama uliacha dawa tangu kipindi kile, njoo na kopo ulilobaki nalo hata kama ni tupu. Tunasoma jina na miligramu, tunapima presha, tunaanzia hapo.