Kusafisha Damu kwa Mashine kwa Mgonjwa Aliyezidisha Dawa

Mgonjwa aliyemeza dawa kupita kiasi anapofikishwa hospitalini akiwa hajitambui, ndugu zake huuliza kwa nini asiunganishwe papo hapo na mashine ya kusafisha damu. Jibu hutegemea ni dawa gani aliyomeza, kwa kuwa mashine huondoa tu kile kilichomo kwenye damu.

Dawa yenye molekuli ndogo, inayoyeyuka kwenye maji na isiyoshikamana sana na protini, hupenya utando wa chujio na kutoka. Lithiamu, dawa ya matatizo ya hisia, ni mfano mzuri, na aspirini iliyozidi sana nayo huondolewa hivyo. Mwaka 1913 John Jacob Abel na wenzake nchini Marekani walikwisha kuonyesha kwa mbwa kwamba salisileti, kundi la kemikali ambalo aspirini imo, huchujika kutoka kwenye damu. Amitriptilini, dawa ya sonona, ni kinyume chake: sehemu kubwa huzama kwenye tishu, hata mashine ikizunguka kwa saa nyingi hutoa kiasi kidogo mno. Kwa parasetamoli, tegemeo letu kuu si mashine bali ni asetilisisteini, dawa ya kuzuia madhara yake, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianzishwa mapema.

Lithiamu hudai uangalifu wa pekee. Kiwango chake kwenye damu hushuka vizuri wakati wa dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, ndugu wakafurahi, kisha saa chache baada ya mashine kuzimwa kikapanda tena, kwa sababu dawa iliyokuwa ndani ya seli imerudi kwenye damu. Ndiyo maana tunarudia kupima, na pengine kumrudisha mgonjwa kwenye mashine, jambo ambalo halimaanishi kwamba matibabu ya kwanza yalishindikana.

Ipo pia njia ya kupitisha damu kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaonasa sumu, ingawa huweza kupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeshuka mno huenda akawekwa kwenye mashine ya polepole inayofanya kazi mfululizo, lakini hiyo huondoa sumu taratibu zaidi, kwa hiyo hatuichagui kwa sababu tu ni laini kwa mgonjwa.

Ndugu wanaomleta mgonjwa wasimtapishe. Waje na pakiti zote, hata zilizo tupu, na waeleze saa aliyomeza, kwani vidonge vinavyoyeyuka polepole huweza kuendelea kuingia kwenye damu muda mrefu baada ya kipimo cha kwanza kuonekana salama.