Plasta ya muundi: noti ya kejeli ni nini?

Noti ya kejeli ni picha ya siasa iliyovalishwa sura ya pesa. Ina thamani iliyoandikwa, ina mapambo, ina ahadi ya kumlipa mwenye kuishika. Kwa mbali unaweza kudhani ni noti ya benki. Isogeze karibu, utaona katikati yake mzee amepanda nguruwe.

Mzee huyo ni Andrew Jackson, rais wa Marekani hadi Machi 1837, na noti ni ya senti 50, iliyotoka mwaka huohuo. Anamkimbiza kipepeo, dhahabu ya kiini macho, na nguruwe anaelekea gengeni. Nyuma yake yuko seneta Thomas Hart Benton juu ya punda. Martin Van Buren, mrithi wa Jackson, amechepuka zake kushika njia ya benki.

Kwa nini dhahabu? Julai 1836 serikali ya Jackson iliagiza kwamba ardhi ya umma inunuliwe kwa dhahabu au fedha, si kwa noti za benki. (Kiswahili, ambacho kwacho fedha ni madini na ni pesa pia, kingemfurahisha sana.) Agizo hilo halikuwa sababu pekee ya balaa lililofuata, bei ya pamba ilianguka, na mikopo kutoka Uingereza ikabana. Tarehe 10 Mei 1837 benki za New York ziligoma kubadilisha noti kwa sarafu. Chenji ikaadimika. Wafanyabiashara na hata miji ikajichapia vikaratasi vya senti chache, na watu wakaviita plasta za muundi: vinafaa kubandikwa mguuni ukijigonga, basi. Mchoraji hakuwa na kazi kubwa, alichapa kimoja zaidi.

Picha nyingi za aina hii zilichapwa kwa jiwe. Unachora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, wino unashika penye mafuta tu. Kazi ni ya haraka, kwa hiyo kichekesho kilitoka hasira zikiwa bado moto. Henry R. Robinson wa New York aliziuza karatasi mojamoja, naye alikuwa mpinzani wa chama cha Jackson. Usizisome kama taarifa ya habari.

Iliyo kali kuliko zote, kwangu, haina umbo la noti. Edward W. Clay aliichora 1837: ni sikukuu ya uhuru, bendera zinapepea, mafundi wako peku, mama mwenye mtoto anaomba. Benki imebandika tangazo kwamba hailipi sarafu. Jengo la forodha, ambalo ni la serikali, linadai kulipwa sarafu tupu. Juu angani, mahali pa jua, zinang'aa kofia, miwani na kiko cha Jackson.

Mzaha huu haukuzeeka. Mwaka 1876, taifa likibishana juu ya noti zisizo na dhahabu nyuma yake, Thomas Nast alichora mwanasesere wa matambara akipewa, badala ya maziwa, kikaratasi kinachosema haya ni maziwa kwa sheria ya Bunge. Ukutani pana tangazo: huyu si mwanasesere, ni mtoto halisi, kwa sheria hiyohiyo.