Kusoma Kiingereza si kusoma kwa Kiingereza

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mjadala ule ule hurudi: sekondari za Tanzania zifundishe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza? Nimefundisha biolojia katika shule ya kata, na msimamo wangu siufichi: nataka Kiswahili. Lakini pande zote mbili zimebeba mambo yasiyo kweli, na mengine niliwahi kuyabeba mwenyewe.

Dhana: Mtoto akifundishwa kwa Kiingereza, atakijua Kiingereza.

Hii ndiyo inayotugharimu kuliko zote. Mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, Kiingereza akikutana nacho kama somo tu kwenye ratiba. Akiingia kidato cha kwanza, jiografia, hesabu na kemia zinageuka Kiingereza kwa mpigo. Sasa ana mizigo miwili: somo asilolijua, na lugha asiyoijua ya kulisomea. Kinachofuata kila mwalimu anakifahamu. Ubaoni tunaandika Kiingereza, mdomoni tunaeleza kwa Kiswahili, na mtoto anakariri cha ubaoni. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali hiyo wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kusomea. Hata hivyo wakapendekeza kiendelee kufundishia.

Nilikuwa na mwanafunzi aliyenieleza osmosisi kwa mfano wa kachumbari: ukiitia chumvi ukaiacha kidogo, tango na vitunguu vinatoa maji, bakuli linajaa. Kitabu hakikueleza vizuri kuliko yeye. Kwenye mtihani swali hilo aliliacha wazi, maana kachumbari yake haikuwa na Kiingereza.

Dhana: Kiswahili hakina maneno ya sayansi.

Watoto wa msingi wanasoma usanisinuru, seli na mmeng'enyo wa chakula, na wanaelewa. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na watu wanaandika tasnifu za uzamivu kwa lugha hii. Pale neno linapokosekana, tunakopa. Hata oksijeni Waingereza waliikopa kwa Mfaransa Lavoisier, naye aliiunda kwa Kigiriki.

Dhana: Wanaotaka Kiswahili wanataka kukiua Kiingereza.

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyotoa ripoti mwaka 1982, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985, na Kiingereza kiendelee kufundishwa kama somo. Serikali ililikataa pendekezo hilo la lugha. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametetea jambo hilo hilo kwa miaka mingi: Kiingereza kifundishwe vizuri, na walimu waliosomea kukifundisha.

Dhana: Sera ya elimu ya 2014 ilishamaliza ubishi.

Ilitamka kwamba Kiswahili kitafundishia ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikiimarishwa. Sekondari ziliendelea na Kiingereza kama zamani.

Sasa nigeukie upande wangu.

Dhana: Anayetetea Kiingereza ana kasumba ya kikoloni.

Neno hili tunalirusha ovyo, na linawaumiza watu wenye hoja. Nyerere, aliyekipa Kiswahili shule za msingi mwaka 1967, ndiye aliyesema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia, na sekondari akaziacha na Kiingereza. Je, naye alikuwa na kasumba? Mzazi anayejinyima ili mwanawe asome mchepuo wa Kiingereza ameona nani anaitwa kwenye usaili na nani anaachwa. Hajadanganyika.

Dhana: Tukibadili lugha, kufeli kutakwisha.

Tathmini za Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zimekuta, mwaka baada ya mwaka, watoto wa darasa la saba wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Hadithi hiyo ni ya Kiswahili, na shule zao zinafundisha kwa Kiswahili. Darasa la watoto tisini na kitabu kimoja kwa watano halirekebishwi na lugha. Lugha inaondoa mzigo mmoja. Mingine inabaki pale pale, nasi tunaopigania Kiswahili hatuisemi kwa sauti ya kutosha.

Kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mkikubaliwa hilo lenu, wa kwangu na wa tajiri watasoma shule moja?" Nilimjibu hapana. Wa tajiri atabaki kwenye mchepuo wa Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili kikija bila walimu wazuri wa Kiingereza katika shule za kata, swali lake litakuwa bado halijajibiwa, na mimi nitakuwa upande wake.